Kazi ya shamba kwa mtu mwenye ulemavu: mwongozo kamili kutoka Malindi

Kwa miaka mingi mpwa wangu alikuwa akiamshwa, ananyweshwa chai, kisha anawekwa kwenye kitanda cha kamba chini ya mwembe mpaka alasiri. Hakuna aliyemtesa. Alilishwa, akaogeshwa, akapendwa. Lakini sisi sote tulikwenda shambani, yeye akabaki na kuku. Ana mtindio wa ubongo: mkono wa kulia umekaza, mguu mmoja anauburuta, na maneno yake huyaelewa waliomzoea tu. Leo ndiye anayejaza udongo kwenye viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche, vya mivinje hapa kwetu Ganda. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya nyumba zenye mtu kama yeye, Malindi mjini na vijiji vyake, na kwa vikundi vinavyotaka kuanza.

Tusidanganyane lakini. Shamba haliponyi mtindio wa ubongo, haliondoi usonji, wala halimrudishii mtu macho. Linaunyoosha mwili kila siku bila mtu kuambiwa anafanya mazoezi, linaleta hamu ya kula na usingizi, linaipa siku mpangilio, na linamtoa mtu katika upweke. Hayo nayo huja ikiwa kazi ni kazi kweli. Ukimpa mtu kijembe ili tu asikusumbue, atajua, hata kama hasemi.

Jambo hili wenzetu wamelipanga vizuri. Uholanzi ina mashamba zaidi ya 1,000 yanayowapokea watu wenye ulemavu, wazee na wagonjwa wa akili kufanya kazi pamoja na wakulima. Katika mji wa Geel, Ubelgiji, familia zimekuwa zikiwapokea majumbani mwao watu wenye maradhi ya akili kwa karne nyingi, wakila nao na kufanya nao kazi. Na kwetu si geni. Nani hajamwona bibi asiyeona akikuna nazi, au mzee aliyekatwa mguu akishona makuti barazani? Kilichobaki ni kukaa tukalipanga.

Hatua ya 1: Muulize, kisha mtazame

Mara nyingi familia hukaa, ikaamua: huyu atafuga kuku. Hakuna aliyemuuliza kama anawapenda. Sisi tulifanya hivyohivyo. Jogoo akiruka ghafla, mwili mzima wa mpwa wangu unakaza, anaanguka. Tukapoteza miezi. Siku moja dada yangu akamkuta amejiburuta mpaka kwenye kitalu, anachota mchanga kwa mkono wa kushoto na kuumimina ndani ya kiriba kilichotupwa. Kilikuwa kimejaa nusu.

Basi mpeleke shambani siku tatu nne bila kumpa kazi. Mkalishe mahali mbalimbali: bandani, kisimani, kitaluni, kando ya matuta ya mchicha. Tazama mkono wake unakwenda wapi. Anayezungumza, muulize. Asiyesikia, muulize kwa ishara mnazotumia nyumbani. Asiyesema, mwonyeshe vitu viwili achague kimoja.

Na aitwe kwa jina lake. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. "Zezeta" na "taahira" yaachwe nje ya ua kabla jembe halijaingia.

Hatua ya 2: Ujue mwili kabla ya kuujua udongo

Nenda naye hospitali, kwenye kitengo cha mazoezi ya viungo kama kipo, uulize mambo matatu: kiungo gani kitumike zaidi, kipi kisilazimishwe, na dawa anazomeza zinapatana na jua? Hili la tatu husahauliwa. Klopromazini, dawa ya maradhi ya akili, huifanya ngozi iungue jua upesi. Hakikisha pia amechanjwa pepopunda, maana shambani hakukosi msumari wala mwiba.

Hatari hazifanani, na hapa naomba usome polepole.

Mwenye kifafa asiachwe peke yake karibu na kisima, mtaro wa maji au moto. Asipande mnazi wala ngazi, na panga lisiwe kazi yake ya kila siku. Kisima kifunikwe kwa mfuniko unaofungwa. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vyenye ncha, usimtie kitu mdomoni, na uangalie saa: kifafa kikipita dakika 5, ni safari ya hospitali.

Aliyeumia uti wa mgongo huenda hatoi jasho chini ya pale alipoumia, kwa hiyo joto humpanda ndani kimyakimya. Awe na kitambaa kilicholowa shingoni, maji karibu, na kivuli. Kiti chake kikiachwa juani, vyuma na plastiki huunguza mapaja ambayo hayahisi, naye hatajua. Funika kiti kwa kanga kila anapotoka. Ajiinue kwa mikono, au ainuliwe, kila baada ya dakika 15 hadi 30, la sivyo vidonda vya kukalia vitamrudisha kitandani kwa miezi.

Mwenye ualbino afanye kazi kabla ya saa 3 asubuhi na baada ya saa 10 jioni, avae mikono mirefu na kofia pana ya ukindu. Mafuta ya kukinga jua hutolewa bure kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Uyafuatilie, ni haki yake.

Asiyehisi vidoleni, kwa sababu ya ukoma au kisukari, avae glavu, na asibangue korosho. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na yeye atajua akishaona lengelenge. Asiyesikia asifuatwe na mtu mwenye panga kwa nyuma. Kubalianeni ishara ya "simama" na ya "nyoka", na kila mtu shambani aijue. Mwenye usonji huenda asivumilie mngurumo wa pampu au harufu ya samadi mbichi. Usimlazimishe. Mpe kona yake ya utulivu, na kazi kwa mpangilio uleule kila siku.

Hatua ya 3: Ivunje kazi vipande vipande

Kama utasoma sehemu moja tu, soma hii. Tunasema "hawezi kulima" kana kwamba kulima ni kazi moja. Chukua kitalu cha mivinje, biashara ambayo Malindi yote inaijua. Ndani yake mna kuchekecha mchanga, kutafuta udongo wa chini ya mivinje mikubwa (lazima uchanganywe, una vijidudu vinavyosaidia mizizi), kuchanganya na samadi, kujaza viriba, kuvipanga, kusia mbegu, kuhamisha miche, kumwagilia, kung'oa magugu, kuhesabu, kupokea wateja. Hizo ni kazi kumi na zaidi. Ziandike karatasini. Kisha mtazame mtu wako, uiguse kila moja: hii anaiweza leo, hii ataiweza tukibadili zana, hii mwachie mwingine.

Kujaza viriba kulimfaa mpwa wangu, lakini mwanzoni kiriba kilimshinda, maana kinahitaji mkono mmoja ukishike wazi na mwingine umimine. Dawa ilikuwa kopo tupu la rangi lililokatwa kote kwa juu na chini. Kiriba kinavishwa ndani ya kopo, mdomo wake unakunjwa nje ukingoni, kinasimama wazi chenyewe. Anachota kwa chupa ya lita 1 iliyokatwa mshazari, anamimina mara tatu, anagongagonga kopo mezani udongo ukae, anaukunjua mdomo wa kiriba, kisha analivuta kopo juu. Kiriba kinabaki kimesimama. Aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi anaweza kazi hii bila kusaidiwa.

Kuhesabu nako kulikuwa tabu. Tukagongomea sinia la mbao lenye vyumba 10. Likijaa, anahamisha kijiwe kimoja kutoka bakuli la kushoto hadi la kulia. Jioni vijiwe 7 ni viriba 70, hakuna ubishi.

Fanya vivyo hivyo kwa kazi nyingine. Mboga ina kuchambua, kufunga mafungu, kuosha. Kuku wana kuokota mayai, kubadilisha maji, kuwatilia matone ya chanjo ya kideri kila miezi 3. Nazi ina kufua, kusokota kamba za usumba, kushona makuti. Gede kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, ambapo wakulima wa pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi mpaka wajifunge kuwa pupa, hatua ya mwisho kabla ya kipepeo, wa kuuzwa nje ya nchi. Kulisha viwavi majani si kazi ya nguvu, ni ya uangalifu. Nadhani watu wengi tuliowaacha barazani wana uangalifu kutuzidi.

Hatua ya 4: Tengeneza mahali

Mchanga wetu ndio adui wa kwanza. Magurudumu madogo ya mbele ya kiti huzama, na gongo nalo huzama. Njia kuu ichimbwe kina cha sentimita 10, ijazwe vifusi vya mawe ya timboni, juu yake udongo mwekundu, imwagiwe maji na kushindiliwa mpaka iwe ngumu kama sakafu ya nyumba ya udongo. Upana uwe sentimita 120. Ukibanwa sana, usishuke chini ya 90. Mahali pa kugeuza kiti pawe na mita 1 na nusu kila upande. Penye mwinuko, kila sentimita 1 ya kupanda ipewe sentimita 12 za urefu.

Kwa asiyeona, funga kamba ya usumba kando ya njia, kwenye kimo cha kiuno, kutoka nguzo hadi nguzo, toka mlangoni mpaka kwenye matuta. Weka fundo moja kwenye tuta la kwanza, mawili kwenye la pili. Jirani yetu alijifunza njia hizo kwa siku mbili, na sasa huingia shambani giza halijatoka, kabla yetu sote. Zana zirudishwe mahali pake palepale. Anayeacha reki njiani anamtegea mwenzake mtego.

Matuta yanahitaji vipimo vya mtu wako, si vya kitabu. Kwa anayekaa kwenye kiti cha magurudumu zipo njia mbili. Ya kwanza ni tuta la kuta za mawe lenye kimo cha sentimita 60 hivi, alifikie akiwa ubavuni. Ya pili ni meza ya udongo, magoti yaingie chini. Pima kutoka chini hadi juu ya goti lake akiwa kitini, ongeza vidole vitatu. Hapo ndipo tumbo la meza. Juu yake weka udongo wa sentimita 15, usizidishe, maana meza itampanda mabegani na mikono itachoka kwa dakika 10. Kina hicho kinatosha mchicha, spinachi, dania na mnavu. Upana uwe sentimita 60 kama anafikia upande mmoja, 120 kama anazunguka.

Meza yetu ya kwanza ilivunjika katika mvua za Mei. Tulisahau kwamba udongo uliolowa ni mzito: meza ya mita 2 kwa sentimita 60 hubeba zaidi ya kilo 200. Miguu ilikuwa fito. Bahati njema ilianguka usiku, hapakuwa na magoti ya mtu chini yake. Tumia nguzo nene za mvinje, sita na si nne, uzisimamishe juu ya mawe au zege ili mchwa wasizile, na zifungwe mihimili ya kukingama. Tandika gunia kabla ya udongo ili maji yachuje. Changanya sehemu 2 za udongo wa shambani, 1 ya samadi iliyooza, na 1 ya unga wa makumbi uliolowekwa na kusuuzwa chumvi.

Kama ardhi si yenu, na Malindi ni wengi wanaoishi juu ya ardhi isiyo na hati mikononi mwao, msijenge kuta. Anza na magunia. Gunia moja linasimamishwa, katikati unapanga mawe wima kama bomba la kupitishia maji, kandokando udongo na samadi, unatoboa matundu ubavuni na kupanda sukuma wiki. Anayekaa chini hufikia matundu ya chini, anayesimama hufikia ya juu. Mkiambiwa mhame, mnahama nayo.

Maji yawe karibu. Visima vya karibu na bahari vina chumvichumvi. Mchicha na spinachi huvumilia, maharage hayavumilii. Mtungi wa lita 20 si wa mtu mwenye mgongo mbovu: weka pipa lenye bomba kwenye kimo cha kiuno, na chupa za lita 1 zilizotobolewa vifuniko ziwe ndizo za kumwagilia. Na kabla ya hayo yote, ezeka kibanda cha makuti chenye benchi, maji ya kunywa, na choo kinachofikika. Kama hana choo cha kutumia atakataa kunywa maji ili asihitaji kwenda, na hapo ndipo joto litakapomwangusha.

Zana

Nyingi utazitengeneza mwenyewe. Mpini wa jembe ukatwe kwa anayefanya kazi amekaa, urefushwe kwa asiyeweza kuinama. Zungushia mpini mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka unenepe. Vidole vilivyokaza hushika kitu kinene kuliko chembamba. Mkono usiofunga kabisa, fungia zana kwa ukanda wa kitambaa kwenye kiganja.

Kupandia mahindi au kunde kutoka kitini, chukua bomba la plastiki la mita 1, kata ncha moja mshazari, chomeka kwenye udongo laini, tumbukiza mbegu juu, sogea. Kwa asiyeona, tandaza kamba yenye mafundo kila sentimita 20 kwa kunde, 30 kwa mchicha. Kila fundo, mbegu. Mwenye uoni hafifu, mpakie mipini rangi ya manjano, mchanga hautaificha.

Dawa kali za wadudu zisiwe shambani humu. Majani ya mwarobaini yakitwangwa, yakilazwa usiku kwenye maji na kuchujwa, yanatosha kwa chawa wa kunde.

Hatua ya 5: Fundisha kwa mkono, si kwa mdomo

Kipande kimoja kwa wiki moja. Fanya wewe naye akitazama, mfanye pamoja, kisha afanye wewe ukitazama, kisha ondoka. Kuondoka ndiko kugumu. Mama hushindwa kuvumilia kuona udongo unamwagika, anarudi, anamaliza kazi mwenyewe. Ukifanya hivyo mara tatu, mtoto anajifunza kwamba kazi yake itamaliziwa.

Kwa mwenye ulemavu wa akili anza na mwisho. Tuta liko tayari, mbegu zimeingia, yeye anamwagia maji. Kesho anafukia na kumwagia. Keshokutwa anatia mbegu, anafukia, anamwagia. Kila siku anamaliza jambo lililokamilika. Chagua mmea unaojibu upesi: kunde huchumwa majani ya kwanza kama wiki 3 baada ya kuota, mchicha wiki 3 hadi 4. Usimwanzie na mkorosho.

Saa na majira

Anza saa 12 asubuhi, toka saa 3, rudi saa 10. Mwanzoni nusu saa inatosha. Ongeza dakika 10 kila wiki. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, joto halina huruma: kazi ziwe za kivulini, kujaza viriba, kushona makuti, kuchambua mbegu. Masika yakikaribia mwezi wa Aprili, matuta yawe tayari, na njia zikaguliwe, maana udongo mwekundu uliolowa huteleza. Vuli, Oktoba hadi Desemba, mvua ni chache lakini hewa ni nzuri. Mimi huona ndio wakati bora wa kumwanzisha mtu mpya.

Zipo siku atakataa kutoka. Maumivu, dawa, au amechoka tu kama wewe unavyochoka. Mwache apumzike, umpe nafasi yake kesho.

Hatua ya 6: Kadi, kikundi na fedha

Kadi ya ulemavu ndiyo ufunguo. Apimwe na madaktari katika hospitali iliyoidhinishwa, kisha Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu limsajili. Kwa kadi hiyo unaweza kuomba kiti, gongo au mafuta ya ngozi, na kikundi kilichosajiliwa na ofisi ya maendeleo ya jamii kinaweza kuomba ruzuku ya Mfuko wa Taifa wa Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu. Kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa huingizwa kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzipa kaya fedha, shilingi 2,000 kwa mwezi. Muulize chifu orodha ikifunguliwa. Zabuni za serikali nazo, asilimia 30 zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na ofisi za umma hununua miche. Mwite bwana shamba wa kata aje aone, hata kama utamfuata mara tatu.

Sasa malipo. Mtu akifanya kazi alipwe, hata ikiwa ni mwana wa nyumbani. Weka bei ya kipande, iwe ileile anayolipwa kibarua yeyote, na isikatwe kwa sababu ya chakula anachokula kwao. Andika daftarini. Mpe mkononi mwake, si kwa mama yake, wala si kwa kaka anayemtunzia.

Mpwa wangu hulipwa Jumamosi. Hununua mabuyu na soda, zinazobaki huingia kwenye kopo lake, na kopo haligusi mtu bila yeye. Wiki moja ya Mei mvua ilitufungia ndani, viriba vikawa 40 tu. Akaviweka vijiwe vyake vinne juu ya meza, akanyoosha mkono wa kushoto, akapokea malipo ya 40.